Shimo la Msalaba

Gozbert alirudi kutoka Uingereza na saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, tabia ya kusema "kwa wenzetu," na kijitabu. Saa niliizoea. Tabia nilijifunza kuikatisha kwa kukohoa. Kijitabu ndicho kilichonitia kichefuchefu tangu siku ya kwanza, na hadi leo nikikikumbuka mate hunijaa mdomoni.

Kilikuwa kijitabu cha njia za kukimbilia kuzunguka kijiji kimoja cha huko. Karatasi inayong'aa, picha za kondoo, malango ya mbao, kijito chenye daraja la mawe, kanisa la zamani lenye makaburi yaliyoinama huku na huku. Katika kila picha kulikuwa na mtu mwembamba mwenye kaptula anakimbia, uso umetulia kama wa mtu ambaye hajawahi kupalilia kahawa. Chini yake maelezo: vuka kijito, pita uani mwa kanisa, pumzika kwenye benchi utazame bonde.

"Nataka kama hiki," Gozbert alisema, akakiweka mkekani mbele yangu. "Cha njia za Maruku. Kwa Kiswahili kilichonyooka. Si wewe ndiye umesomea kuandika?"

Gozbert ni mtoto wa baba mkubwa Kamugisha, kwa hiyo kwangu ni kaka. Anaishi Rwamishenye, anafanya kazi ofisini mjini Bukoba, na aliporudi kutoka kozi yake alianzisha kilabu cha wakimbiaji, akajifanya mwenyekiti kabla hajapata mwanachama wa pili. Mimi nilikuwa nimemaliza stashahada ya uandishi wa habari, nakaa Maruku na bibi yetu Anatolia, naandikia redio ya mjini pale wanaponikumbuka. Kazi ya kuandika sikuikataa. Kuandika ni kuandika.

"Njia yenyewe inapita wapi?"

"Tunaanzia barabara kuu, tunakata rweya, tunaingia vijijini. Migomba, kahawa, moshi wa jikoni, watu halisi. Halafu tunatokea ukingoni, ziwa lote liko mbele yako. Andika kwamba kutoka hapo mtu anaiona Goziba."

"Goziba iko Muleba, Gozbert, katikati ya maji. Wavuvi wenyewe hawaioni mpaka waikaribie."

"Andika 'siku ya anga safi.'"

"Hata siku ya anga safi haionekani."

"Violeth, dada yangu, mtu anayekimbia hana muda wa kuhakikisha."

Hapo ndipo nilipopaswa kumrudishia kijitabu chake. Lakini nilikuwa bado nalitafuna lile neno "watu halisi." Nilijiuliza yeye, aliyefundishwa kutembea kwenye ua huu huu huku akishikilia sketi ya bibi, sasa amekuwa mtu wa namna gani.

Akanionyesha njia kwenye simu yake, mstari wa buluu. Ulishuka kutoka rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo juu yetu, ukateremka katikati ya migomba. Niliutazama kwa makini.

"Hapa mstari unapita kwenye kibanja cha Bibi."

"Unapita juu, barabarani. Simu haionyeshi vizuri."

"Unapita uani, Gozbert. Unapita kwa Babu."

"Nimekwambia barabarani. Mbona unanitilia shaka kama polisi?"

Kwa Babu ni kaburini kwa Babu. Kwetu marehemu hapelekwi mbali na nyumba yake. Analala kwenye kibanja chake, yaani shamba la nyumbani, kati ya migomba aliyoipanda. Babu Byarugaba alijichagulia mahali mwenyewe, mbele ya nyumba, pale migomba inapoachana, ziwa likaonekana. Kaburi lilikwisha kujengwa, likavikwa marumaru nyeupe, safi, pana. Kilichokuwa hakijawekwa ni msalaba. Upande wa kichwani fundi aliacha shimo la mraba la kuusimamishia, na Bibi alilifunika kwa chungu kilichopinduliwa ili mvua isijae.

Msalaba wenyewe ulikuwepo. Ulikuwa chini ya kitanda cha Bibi, wa chuma, umeandikwa jina la Babu, umefungwa kwenye blanketi kama mtoto. Katika familia yetu fundi hausimamishi msalaba. Watoto wa marehemu wanakuja wote, nyasi mbichi zinatandazwa sebuleni na uani, mwinjilisti anasali, kisha mtoto wa kwanza anaushika wima huku wengine wameugusa, mpaka saruji imwagwe yote. Ndiyo siku ya kumaliza msiba. Kabla ya hapo mjane anakaa kama mtu aliyeacha mlango wazi.

Krismasi ya kwanza baba mkubwa Kamugisha alisema Dar es Salaam kuna kazi. Ya pili shangazi aliyeko Mwanza alisema wasubiri ya tatu. Ya tatu ndiyo hii ijayo, na safari hii wote wameapa. Bibi hakuwa na jambo jingine alilolitaka duniani. Kila jioni alizifuta marumaru zile kwa kitambaa chenye maji, na kila aliyepita barabarani alimwambia jambo lile lile: "Krismasi wanakuja wote. Wataushika wote."

Gozbert hakuisubiri Krismasi, wala hakuyasubiri maandishi yangu.

Jumamosi ile Bibi aliondoka mapema kwenda kumwona Ma Elieth, mwenzake wa kikundi cha sala, aliyekuwa anaumwa miguu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua maharage. Nikasikia filimbi. Kisha makelele: "Twende! Twende! Shuka! Shuka!" Kisha miguu mingi, ile ya viatu vya mpira, inayokanyaga majani makavu ya migomba kwa pamoja kama mvua ya mawe.

Niliacha ungo ukaanguka.

Nilipozunguka nyumba niliwakuta wamejaa kwa Babu.

Nitaeleza nilichokiona, kwa sababu Gozbert baadaye alisema nilitia chumvi. Mwanaume mmoja mnene alikuwa amelala chali juu ya kaburi, mikono ameitandaza, anasema, "Aah, marumaru zina baridi tamu." Dada mmoja, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Jovita, alikuwa ameweka kisigino juu ya ukingo, amejikunja juu ya mguu wake ananyoosha misuli, tope la kiatu likichuruzika kwenye weupe ule. Wengine wawili walikaa miguu inaning'inia, wanamenya machungwa. Harufu ya dawa ya kuchua, jasho na maganda ilikuwa imechanganyika, na nyuma ya mbuni wa kahawa kulikuwa na mtu amegeuka akitukojolea ardhi yetu huku akiimba.

Chungu cha Bibi kilikuwa kimewekwa pembeni, kofia ya mtu juu yake.

Na shimo la msalaba lilikuwa limejaa. Chupa za plastiki, maganda, karatasi za kujifutia pua, vifuko vya vinywaji vya nguvu. Kijana mrefu alifika mbele yangu, akamaliza maji yake, akaikunja chupa, akaitia shimoni, na ilipokataa kuingia akaishindilia kwa kisigino.

Gozbert alikuwa anapiga picha ya video. Shati lake lilikuwa la kijani kinachoumiza macho. Aliponiona tabasamu lilimdondoka, kisha akaliokota.

"Violeth! Kituo cha nne! Umeona mwonekano huu?"

"Waambie washuke."

"Dakika moja tu, wanapumua."

"Gozbert. Waambie wamekaa juu ya nini."

Akairudisha simu machoni. Hapo ndipo nilipoelewa: hakuna hata mmoja wao aliyejua. Kaburi lisilo na msalaba, lisilo na jina, jeupe, pana, linatazama ziwa. Watu wa mjini wangelionaje? Waliona benchi. Waliona benchi lenye pipa la taka. Aliyejua alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa ameshika simu.

Kabla sijapata sauti, migomba ilitikisika upande wa jirani, akatokea Ta Rugaibula na panga mkononi, kifua wazi, anahema. Nyuma yake watu wengine wa pale jirani, wenye majembe, mmoja na mchi wa kinu.

"Kaelekea wapi?" Ta Rugaibula aliuliza.

"Nani, mzee?" yule kijana mrefu aliuliza, akirudi nyuma.

"Mwizi! Si mnamkimbiza?"

"Hatumkimbizi mtu, mzee. Shikamoo. Tunakimbia tu."

"Mnakimbia nini?"

"Hatukimbii kitu. Tunakimbia... kwa ajili ya kukimbia."

Ta Rugaibula alimtazama kuanzia viatu hadi ile namba aliyojibandika kifuani. Kwetu mtu mzima akikimbia asubuhi, ama kuna mwizi, ama nyumba inawaka, ama mtu amekata roho. Mzee yule alikuwa amemwacha ng'ombe anakamuliwa nusu ili aje kusaidia.

"Watu wazima wote hawa," alisema polepole, "mmetoka mjini mpaka hapa mnakimbia, na nyuma yenu hakuna kitu?"

Mmoja wa majirani alicheka. "Labda wake zao, Ta."

Kisha Ta Rugaibula aliona walipokaa. Kicheko kilikatika kama kamba. Alishusha panga, si kwa amani. Alilishusha ili mkono usifanye jambo.

"Ondokeni juu ya Byarugaba," alisema.

"Juu ya nani?" Jovita aliuliza, mguu bado juu.

"Hilo ni kaburi," nikasema. "Hilo ni kaburi la babu yangu. Na la babu yake huyo hapo mwenye simu."

Walinyanyuka wote kwa wakati mmoja. Yule mnene alibiringika akaangukia magoti. Kijana mrefu, anaitwa Riyadhi, alijitazama kisigino kile alichoshindilia nacho chupa, akasema, "Astaghfirullah," akavua kiatu, akabaki amekishika hewani, hajui akiweke wapi. Jovita alifunika mdomo. Yule wa kwenye kahawa alitokea akifunga kamba za kaptula, bado anaimba, akaona nyuso, akanyamaza katikati ya neno.

"Mwenyekiti," Riyadhi alisema, "ulituambia hapa ni jukwaa la mwonekano."

"Ni la mwonekano," Gozbert alisema. "Ziwa si mnaliona?"

Niligeuka nisimtazame.

Wakati huo Bibi alikuwa anaingia kutoka barabarani.

Alikuja na kikapu chake kichwani na mwendo wake wa kuinamia upande. Watu walimpisha. Sisi wote tulitarajia apige enduru, ule ukelele wa kuita kijiji kizima, na majirani walikuwa wamekwisha kushika majembe vizuri wakiusubiri. Hakuupiga. Alishusha kikapu. Alikiondoa kile kikofia juu ya chungu chake kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya, akakitupa. Kisha akapiga magoti kichwani pa mumewe na kuanza kutoa.

Alitoa chupa ya kwanza. Ya pili. Ganda la chungwa. Karatasi yenye kamasi. Kila kitu alikitazama, akakiweka pembeni kwa mpangilio, kama anatafuta kitu chake humo ndani. Mkono wake ulizama mpaka kiwiko. Riyadhi alisogea ili amsaidie, Bibi akamzuia kwa kiganja bila kumtazama. Hakuna aliyethubutu kuhema kwa nguvu, na hawa walikuwa watu waliotoka kukimbia.

Alipofika chini alifuta shimo kwa kanga yake.

"Nani amewaleta?" aliuliza.

"Mimi, Bibi," Gozbert alisema. "Shikamoo, Bibi. Ngoja nikueleze, usikasirike. Nimezungumza na baba, baba amekubali njia ipite. Hiki ni kibanja chake yeye, ndiye mrithi."

"Mimi nimekufa?"

"Sijasema umekufa, Bibi."

"Basi endelea."

"Kwa wenzetu Uingereza," alisema, na mimi nikakohoa, lakini hakukoma, "kule watu wanakimbia katikati ya makaburi. Kabisa. Njia inapita uani mwa kanisa. Na wana mabenchi yameandikwa jina la marehemu, mtu yeyote anakaa, anapumzika, anamkumbuka. Hakuna anayeona ni matusi. Ni heshima! Nilisema Babu naye apate wageni. Babu alipenda watu. Halafu mimi ni mjukuu, Bibi, mjukuu na babu yake ni utani. Angekuwa hai angecheka."

Nikamtazama Bibi. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Hayo mabenchi," alisema, "yameandikwa jina?"

"Ndiyo, Bibi. Jina na mwaka."

"Kwa hiyo anayekaa anajua amekaa kwa nani."

"Ndiyo."

"Hawa wako walijua wamekaa kwa nani?"

Gozbert aliinua mkono aeleze. Saa yake ikalia mkononi, sauti ndogo ya furaha, ikimhimiza ainuke atembee. Akaiziba kwa kiganja.

"Na huko kwa wenzenu," Bibi alisema, "msalaba unasubiri watoto mpaka shimo lake linakuwa la taka?"

"Bibi, Krismasi si tunakuja wote? Baba ameahidi."

"Umezungumza na baba yako juu ya njia."

"Ndiyo."

"Alikuuliza juu ya msalaba?"

Gozbert aliangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vya rangi ya machungwa. Ng'ombe wa Ta Rugaibula alilalamika kule alikoachwa. Kisha Bibi akajishika goti, akainuka.

"Violeth. Ulete."

Nilijua anasema nini na nikajifanya sijui. "Nilete nini, Bibi?"

"Ulioko chini ya kitanda."

"Bibi, hapana. Krismasi imebaki muda mfupi tu. Nyasi hatujakata. Shangazi hayupo, baba yangu yuko Ngara, baba mkubwa..."

"Shimo lisilo na msalaba limekuwa pipa, umeliona mwenyewe. Kesho watatia nini? Ulete, mwana wange."

Nikaingia ndani. Nilivyouvuta kutoka chini ya kitanda, blanketi lilinuka sabuni. Alikuwa analifua. Msalaba hauhitaji blanketi safi, lakini yeye alikuwa analifua na kuufunga tena, miaka yote hii, akiwasubiri watu ambao simu zao hukatika kila anapoanza kuutaja. Nilikaa sakafuni kidogo nikiwachukia wote: Gozbert, baba yake, shangazi, baba yangu mwenyewe mwenye udhuru wa barabara. Kisha nikaubeba nikatoka.

Ta Rugaibula alikuwa amekwisha kumtuma mtu kwa saruji iliyobaki alipokarabati choo chake. Mwinjilisti Mwijage, aliyeitwa shambani kwake, alikuja na baiskeli, kaptula ya shamba na joho mkononi, akalivaa pale pale juu ya nguo zenye udongo. Wakimbiaji walianza kujisogeza kuelekea njiani, taratibu, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka.

"Mnakwenda wapi?" Bibi aliwauliza.

"Mama, tumekosa sana," Jovita alisema, machozi yanamtoka. "Tunawapisha."

"Mmekwisha kukaa msibani. Kaeni mpaka umalizike."

Wakakaa. Yaani wakasimama, katika nguo zile za kubana, na namba vifuani, mikono hawajui waifiche wapi. Jovita alimwomba jirani kanga akajifunga. Yule mnene alivua shati lake lenye maandishi ya "Kimbia Uishi" akaligeuza ndani nje, akalivaa tena. Riyadhi alitaka kukaa mbali kwa kuwa si dini yake; Ta Rugaibula akamkabidhi koleo, akamwambia saruji haina dini, achanganye. Akachanganya, bado ana kiatu kimoja.

"Gozbert," Bibi aliita. "Njoo uushike."

"Mimi, Bibi? Baba ndiye..."

"Baba yako hayupo. Wewe ndiye uliyekuja. Ushike."

Nilimwona mwenyekiti wa kilabu akiushika msalaba wa babu yake kwa mikono miwili, shati la kijani linawaka juani, kichwa amekiinamisha, na sikumhurumia. Najua msomaji angependa nimhurumie. Nilichokifikiri ni kwamba mikono ile ndiyo iliyokuwa imeshika simu. Mimi nikaugusa upande wa kushoto. Bibi akaugusa chini kabisa, pale chuma kinapoingia shimoni. Upande wa kulia, ambako walipaswa kujaa wanawe, palibaki mahali patupu, kisha majirani wakapajaza, mmoja mmoja, na mwishoni kabisa Jovita akanyoosha kidole kimoja akagusa, kama mtu anayegusa chungu cha moto.

Mwinjilisti alisali kwa ufupi. Wimbo tuliuimba sisi tuliokuwa tunaujua, na kati ya wakimbiaji walikuwepo Walutheri wenzetu wawili. Waliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa aibu. Riyadhi alimwaga saruji. Saa ya Gozbert ililia tena, ile sauti ya furaha, na safari hii alikuwa hawezi kuiziba kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Ikalia mpaka ikachoka yenyewe.

Walipoondoka, waliondoka kwa kutembea, kwa mstari. Gozbert ndiye aliyebeba mfuko wa taka. Hakuna aliyemwagiza.

Bibi alinawa mikono mpaka viwikoni, mara ya kwanza kwa maji, mara ya pili kwa majivu. Kisha akaniomba nimpigie baba mkubwa Kamugisha. Niliweka simu kwa sauti ya wote ili asihangaike na kuishika.

"Mama, shikamoo! Gozbert ameniambia kumetokea kutoelewana kidogo. Vijana hawa! Nitamkemea. Na usiwe na wasiwasi na Krismasi, safari hii nimeomba likizo mapema."

"Marahaba. Msalaba umesimama, Kamugisha."

Huko Dar es Salaam gari lilipiga honi.

"Umesimama vipi, mama? Bila sisi?"

"Mlikuwa mbali, na taka zilikuwa karibu."

"Mama, hilo ni jambo la watoto wote, huwezi..."

"Krismasi mkija, njooni mle senene. Mwaka huu wanaweza kuwa wengi. Kazi imekwisha." Akanionyesha kwa kidevu nikate simu, nikaikata. Alikaa akikitazama kile kioo chake cheusi. Hakulia. Ningeona nafuu angelia.

Siku chache baadaye Gozbert alinitumia ujumbe kwenye simu. Nilidhani ni wa kuomba radhi. Niliufungua nikiwa nimejiandaa kuwa mgumu. Aliandika: "Violeth, wanachama wameguswa sana na ile sehemu ya msalaba. Wengine wanataka kurudi. Unaonaje tukiiweka kwenye kijitabu kama kituo cha utulivu? Sasa jina lipo, kila mtu atajua amefika kwa nani. Maandishi yako nitayapata lini?"

Niliusoma jikoni, nikatoka nje nikatema mate. Si kwa mfano. Nilitema kabisa, kwenye majivu.

Kisha nikachukua panga, nikaenda kwa Ta Rugaibula, nikaomba vijiti vya mlamula, ule mmea tunaoupanda mpakani, ambao kila mtoto wa huku anajua hauvukwi wala haung'olewi. Alinikatia mzigo mzima, akanisaidia kuubeba. Tukaanza kuvichomeka kwenye udongo, kutoka mbuni wa mwisho hadi kona ya jiko, kukata ule mstari wa buluu kwa upana wake wote. Ta Rugaibula alikuwa anauliza kila baada ya kijiti, "Na hapa watapita? Na hapa?" na kucheka peke yake.

Bibi alikuja na kitambaa chake chenye maji, wakati wake wa kufuta marumaru. Alisimama kwanza akatutazama tulivyobananisha vijiti.

"Acheni mwanya," alisema.

"Wa nini, Bibi? Ndiyo kwanza tumefunga."

"Kamugisha akija, atapita wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba Kamugisha hatakuja. Nilitaka kumwambia kwamba akija ataegesha gari barabarani, apige picha na msalaba, aulize kwa nini saruji haikulainishwa. Maneno hayo yote nilikuwa nayo, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Lakini alikuwa amekwisha kuinama anafuta, taratibu, kuzunguka mguu wa msalaba.

Nikang'oa vijiti viwili. Nikaupima mwanya kwa mwili wangu mwenyewe, ubavu kwa ubavu. Niliuacha mwembamba, wa mtu mmoja, anayetembea.